Ndoa ya Zamu Mbili

Majirani zangu, mke na mume, walikuwa wanaonana mlangoni. Mume tunamwita Mikate, kwa sababu alikuwa anaoka mikate usiku. Mkewe ni fundi cherehani. Yeye alishona kiwandani mchana. Mmoja akiingia, mwingine anatoka. Wanashikana mikono, wanaulizana hali, basi. Hata Jumapili, siku yao ya mapumziko, Mikate alikesha usiku akalala mchana, mwili umeshazoea, na mkewe akashona nguo za watu kwa cherehani yake pale nyumbani.

Hapa sote ni wageni. Mikate ana kibali cha kudumu. Fundi alikuja kwa viza ya ndoa, na muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Tena alikuwa mjamzito. Ofisi ya uhamiaji ikimkataa, angejifungua mbali na mumewe. Niliwaonea huruma sana.

Jumapili moja jioni nilikwenda kwao kuazima pasi. Nikawasikia wanakariri majibu ya mahojiano ya viza kama watoto wa shule.

"Mnalala saa ngapi?" Mikate aliuliza.

"Saa nne, sote pamoja!" Fundi akajibu.

"Mnakula wapi?"

"Mezani, sote pamoja!"

Lo! Niliingia bila hata hodi. "Nyie! Uongo huu mmefundishwa na nani?"

Mikate akainamisha kichwa. "Mwenzangu wa kazini, dada. Anasema wanandoa wasiolala pamoja ofisi haiwaamini. Tukaona aibu kusema tunaishi kwa zamu."

"Aibu? Kutafuta riziki ndiyo aibu?"

Mimi ni mkalimani. Nimekaa na watu wengi katika ofisi ya uhamiaji. Nimeona uongo ukiangusha ndoa za kweli. Lakini Fundi alikuwa anafuta machozi, hasira zangu zikashuka. Nikavuta kiti.

"Sikilizeni, wadogo zangu. Mnaweza kuhojiwa kila mmoja peke yake. Njia ya mwongo ni fupi. Semeni mnavyoishi. Usilolijua, sema hulijui. Usiloelewa, omba mkalimani."

"Na zamu zetu?" Mikate aliuliza.

"Kila mmoja aombe barua kazini kwake ya kuzithibitisha. Wekeni na cheti cha ndoa, kitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa. Na mkataba wa nyumba."

"Mkataba hauna jina langu," Fundi alisema.

"Mwombeni mwenye nyumba aliongeze. Nanyi fanyeni mapema, kabla viza haijaisha."

"Lakini dada, haraka haraka haina baraka."

"Hiyo waachie wapishi! Kwenye viza, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena kila nchi ina masharti yake. Kaulizeni ofisini kwenyewe, si kwa huyo mjuaji wenu."

Mikate alicheka. Mkewe naye akacheka, mkono tumboni.

Walifanya hivyo. Wakapeleka ombi mapema, wakatunza nakala na risiti. Siku ya mahojiano niliwasindikiza, nikabaki nje kwenye benchi. Kila mmoja aliitwa chumba chake. Moyo ulinidunda utadhani viza ni yangu.

Fundi alinisimulia baadaye. Ofisa alimtazama akasema, "Kwa hiyo kitanda kimoja, lakini mnalala kwa zamu?"

"Ndiyo," Fundi alijibu. "Asubuhi nikiamka, sitandiki. Mume wangu anapenda kukuta joto langu."

Aliona haya, akaangalia chini. Ofisa akaandika.

Kumbe Mikate naye aliulizwa asubuhi anafanya nini. Alisema, "Nalala pale pale alipotoka mke wangu. Bado pana joto. Ndiyo namna yetu ya kuwa pamoja, afande."

Hawakuwa wameambiana waseme hivyo. Nilipoyasikia, mimi mwenyewe machozi yalinitoka, nasema kweli.

Baada ya wiki kadhaa jibu lilikuja. Fundi ameongezewa muda! Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Mikate alimkumbatia mkewe pale pale ukumbini, na unga wake mikononi. Kesho yake alimwomba bosi zamu ya mchana, awe karibu mtoto akija. Akapewa.

Siku chache baadaye Fundi alibisha mlangoni kwangu asubuhi, macho mekundu.

"Vipi, mdogo wangu? Kuna nini?"

"Dada, sijalala! Anakoroma huyo! Kumbe Jumapili zote kelele za cherehani yangu zilikuwa zinafunika mkoromo wake!"

"Haya, sasa utafanyaje?"

Akapiga mwayo, akatabasamu.

"Nitafanyaje, dada? Na serikali imeshathibitisha ni wangu."