Anayetafuniwa

Hebu fumba macho kidogo, uione nyumba moja ya mabati kwenye mteremko wa Gakindu. Kahawa imeiva mpaka ikaoza mitini, kwa sababu mwenye shamba haendi tena kiwandani. Moshi unatoka jikoni. Hakuna mbwa, hakuna kuku. Jua linazama.

Mwenye shamba anaitwa Ngatia. Mkewe alimwacha kitambo akahamia mji wa Kenol. Mama mzazi wa Ngatia, Waithira, alifariki mwezi wa nne, na tangu mazishi Ngatia hakuonekana tena kanisani wala sokoni. Binti yake wa miaka kumi na minne, Anita Waithira, naye akaacha kuja shuleni.

Mimi ndiye mwalimu wake. Mtihani wake wa Gredi ya Tisa ulikuwa uanze Jumatatu. Ijumaa jioni nilichukua sweta aliyoisahau darasani, nikateremka kwao. Nilitaka tu nirudi na ahadi kwamba atakuja.

"Hodi!"

Nikasikia mtu anatafuna. Si kama mwenye njaa. Polepole.

Chap... chap... chap...

"Ingia, mwalimu," Ngatia akasema. "Nalisha mami."

Neno hilo halikunishtua. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na baba humwita mtoto huyo mami, yaani mama. Ni mapenzi tu.

Ndani kulinuka ugoro, mkojo mkavu na mafuta ya kondoo yaliyochacha. Anita alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, kichwani kitambaa cha marehemu, magotini blanketi lake. Ngatia alijaza mdomo githeri. Akatafuna mahindi na maharagwe hadi mate yakamtiririka kidevuni. Kisha akatema kiganjani. Donge la kijivu, likivuta nyuzi za mate.

"Fungua, mami."

Akamsukumia binti yake kinywani kwa kidole gumba.

Nilisogea karibu na kiti.

"Baba Anita," nikasema taratibu, "huyu mtoto ana meno yake yote."

Akacheka. "Wewe nawe, mwalimu! Meno gani? Mami hana hata moja. Ati umesahau? Si ulikuwa unamletea ugoro kanisani, halafu anakuambia hiyo umeleta ni kidogo, ni ya kuvutwa na siafu?"

Ni kweli. Shosho Waithira, bibi yake Anita, alipenda kunitania hivyo kila Jumapili, pale langoni mwa kanisa.

Ngatia akatoka kuchukua kuni. Nikainama haraka.

"Anita, mtoto wangu, vaa sweta twende."

Alinong'ona huku midomo yake haifunguki vizuri. "Siwezi, mwalimu. Akikosa chakula ataanza kunikula mimi."

"Nani?"

"Ile usiku shosho alikuwa anakufa, alikuwa anaita jina yake. Waithira... Waithira... Kama mtu anajitafuta. Na ni jina yangu pia." Akameza kitu. "Nikaitika."

"Ukaitika tu?"

"Si mlitufunza mkubwa akiita unaitika?"

Kisha akafungua mdomo, anionyeshe.

Meno yake meupe yalikuwepo, yote. Nyuma ya meno hayo kulikuwa na ufizi mwingine. Mweusi kwa ugoro. Mlegevu, umelowa. Ulikuwa unasaga lile donge peke yake, na taya la Anita halikusogea.

Chap... chap...

Sauti ya kikongwe ikatoka humo ndani.

"Mwarimu... ugoro yangu iko wapi?"

Nilitamani kukimbia. Lakini mtoto aliyeogopa huitwa kwa upole, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa akitumia jina lake la ubatizo.

"Anita," nikasema, kama ninavyomwita darasani kila asubuhi. "Anita. Mimi hapa. Anita."

Akatetemeka. Akatapika miguuni pangu. Githeri ya siku nyingi, imechacha, na ndani yake nywele nyeupe ndefu zimejisokota kama minyoo. Joto lake likapenya soksi zangu. Sikuondoa mguu. Nikamshika mkono, nikamvuta.

Ngatia alikuwa amesimama mlangoni na kuni zake. Nilidhani atanipiga. Alikuwa analia.

"Mwalimu," akasema, "sasa mami atakula nini?"

Hakutuzuia. Tulipofika barabarani, tulisikia ameanza tena kutafuna.

Sasa Anita anaishi Karatina kwa Njoki, mdogo wa mama yake. Mtihani alifanya, akapita. Pasta anasema Ngatia ameumizwa na huzuni, na huenda ni kweli. Lakini jirani anayempelekea maziwa anasema kila asubuhi mezani kuna sahani ya pili, nayo imelambwa ikang'aa. Zile soksi nilizichoma. Harufu ya ugoro ilikaa jikoni mwangu hadi Krismasi.

Mwezi jana nilimkuta Anita sokoni akimsaidia Njoki kuuza karoti. Alinikimbilia, akanikumbatia, akaniambia nimenenepa. Tulicheka sana. Ndipo mteja mmoja kutoka kwao Gakindu akaita nyuma yetu, kwa furaha: "Waithira!"

Anita hakuitika. Aliushika mkono wangu kwa nguvu, akafumba mdomo.

Lakini ndani ya shavu lake kitu kilianza kusogea... polepole.

Kwa hiyo ukipita Karatina ukamwona msichana huyo, msalimie, nunua karoti zake, ni tamu. Nakuomba tu ukumbuke jambo moja.

Mwite Anita.