Samaki Aliyekuja na Kichwa Chake

"Huyu umemvua kwa ndoano?"

"Ningemvua kwa nini tena, kwa uma?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, kidole gumba kikiwa ndani ya mdomo wa samaki, akikizungusha taratibu kama daktari wa meno. Alikuwa mkaguzi wa samaki kwenye ghala la barafu, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukataa. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, lakini mtaa mzima ulimwita Kapteni. Karibu kila mwezi alifunga kayaki juu ya gari, akashinda mtoni mwisho wa wiki, akalala kwenye hema kando ya maji, kisha akarudi na samaki waliokwisha kukatwa vichwa. Safari hii alirudi amechoka. Samaki mmoja alikuja na kichwa chake.

"Mdomo hauna tundu," mke alisema.

"Labda ndoano ilishika pembeni."

"Pembeni nimeangalia. Na hapa nyuma ya kichwa magamba yamekwanguka kwa mstari. Hii ni alama ya wavu. Wewe huna wavu."

"Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa maabara."

"Tazama matamvua humu ndani ya shavu. Yamekuwa kahawia. Wewe umeondoka Ijumaa asubuhi. Samaki huyu alikufa kabla hujafunga begi."

Kapteni alifungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Hawakula chambo. Nikanunua mmoja, nisirudi mikono mitupu."

"Na wa safari zilizopita?"

"Wale nilivua."

Alijibu upesi mno. Hilo nalo mkewe aliliona, akaliweka pamoja na mengine.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alimpigia simu dada yake mkubwa.

"Wenzako hukuta rangi ya mdomo kwenye kola," dada alisema. "Wewe umekuta samaki hana tundu. Hata kusalitiwa unasalitiwa kitaalamu."

"Sijasema nimesalitiwa. Nimesema hakuwa mtoni."

"Mwanaume akae nje siku tatu, asiwe mtoni, asiwe nyumbani. Alikuwa hewani?"

"Sijui. Ndiyo maana sijasema kitu."

"Mdogo wangu, kuna mambo hayahitaji vipimo."

"Hili linahitaji."

Mwezi uliofuata, Alhamisi jioni, Kapteni akiwa bafuni, simu yake iliwaka juu ya meza. Mke hakuigusa. Hakuhitaji, maana ujumbe wote ulikuwa kwenye kioo:

"Kapteni chumba chako kile kile kipo. Nimetandika shuka mpya. Karibu nyumbani."

Namba haikuwa na jina. Aliusoma mara mbili, kisha akaendelea kukunja nguo. Alipofika kwenye jaketi la kuelea la mumewe, alikaa nalo mapajani. Lilikuwa limeshonwa upya ubavuni kwa uzi mnene, kazi ya mkono wa mwanaume. Hakuwahi kuambiwa kwamba lilichanika.

"Safari njema," alimwambia Ijumaa asubuhi.

"Huniambii nilete mkubwa?"

"Lete uliyemvua."

Jumamosi alfajiri mke alipanda basi. Mahali ambapo watu huingiza kayaki majini alipajua vizuri, kwa kuwa ndipo uchumba wao ulipoiva, na palikuwa na gesti moja tu. Mwanamke wa makamo alikuwa akifagia baraza.

"Namtafuta mgeni mwenye kayaki."

"Na wewe ni nani yake?"

"Mkewe."

Mama yule aliegemeza ufagio ukutani.

"Aa, kumbe ndiwe wewe wa samaki. Kila akichagua kwa wavuvi hapo chini huniuliza, mama, huyu mke wangu atampitisha?"

"Analala na nani?"

"Mwanangu, kile chumba kina kitanda cha mtu mmoja. Yeye mwenyewe miguu inalala nje." Alimshika kiwiko, akamwingiza ndani. "Simama pale dirishani. Usimwite."

Kapteni alitokea nyuma ya nyumba, kayaki begani. Aliishusha ukingoni, akapanga vitu kwa mpangilio uleule mkewe aliokuwa akiujua: hema mbele, mifuko isiyoingiza maji katikati, fimbo za kuvulia ubavuni. Alivaa jaketi. Aliisukuma kayaki mpaka ikaelea, akaishika ukingo, akanyanyua mguu mmoja. Mguu ulibaki hewani kwa muda, kisha ukarudi mchangani. Alijaribu tena. Safari ya tatu hakuunyanyua kabisa. Alisimama maji yakiwa magotini, akitazama mto unavyokwenda, halafu akaivuta kayaki nchi kavu.

"Kila asubuhi ndiyo hivyo," mama alisema. "Akimaliza hapo, anakwenda chumbani, anafunga mlango. Tangu mvua kubwa zilipokatika."

Mke aliteremka ukingoni. Kapteni alipomwona hakushtuka. Alikaa chini, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Uko peke yako," mke alisema.

"Ulidhani niko na nani?"

"Sikudhani. Nilikuja kuangalia. Nini kilitokea?"

"Kuna mti ulianguka mtoni. Sikuona matawi yaliyokuwa chini ya maji. Kayaki ikalala ubavu, jaketi likanasa kwenye tawi, nikabaki chini. Nilikuwa naona mwanga juu yangu na siwezi kuufikia. Kisha kitambaa kikachanika. Sikukichana mimi. Kilichanika tu."

"Ulirudi nyumbani ukasema samaki mkubwa amekuangusha."

"Nilisema hivyo."

"Nilicheka."

"Ulicheka sana. Nikaona niache ibaki hivyo."

Mke alikaa mchangani, si karibu naye sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ndugu zako waliposema fundi wa lifti asiingie kwao, uliwaambia, huyu ni mtu asiyeogopa kitu. Nilikuwa barazani. Nilisikia."

"Niliwaambia lugha wanayoielewa wao. Mimi nilikupenda kwa jambo jingine."

"Lipi?"

"Siku ile ya uchumba wetu, mto ulipogawanyika, wewe ukaingia njia isiyo yenyewe. Nilikuuliza kama tumepotea. Ukasema ndiyo. Hukuzunguka, hukujifanya unakagua jua. Hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kunijibu nilichomuuliza."

Kapteni alikwaruza tope kwenye kasia kwa ukucha.

"Kwa hiyo nimeharibu kile kile."

"Ndiyo. Kuogopa maji si kosa, hata mimi ningeogopa. Ila umenilisha uongo, na mimi nikaupaka chumvi na kuukaanga."

Simu ya mke ilitetemeka.

"Umemkuta na nani?" dada aliuliza bila salamu.

"Yuko peke yake, dada."

"Peke yake namna gani? Nimeshavaa viatu vya kuja kupigana."

"Vivue."

Alikata simu. Alikwenda ukingoni, akatoa mizigo kwenye kayaki, akaisukuma mpaka ikaelea kidogo, akaifunga kwa kamba kwenye kigingi. Kisha akaingia, akakaa kiti cha nyuma, kile cha mwongozaji, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Njoo."

"Hujui kuongoza."

"Hatuendi popote. Njoo ukae."

Kapteni alikuja. Alishika ukingo, akanyanyua mguu, akaurudisha. Mkewe hakusema jikaze, wala hakumpa mkono. Alingoja. Mara ya pili mguu uliingia, na mwili wote ukaufuata kwa kishindo, kayaki ikayumba. Alibana macho.

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Mikono imekufa ganzi. Nahisi kutapika."

"Unataka kutoka?"

Alifikiri kwanza. "Bado kidogo."

Walikaa hivyo, maji yakipiga chini yao polepole, kamba ikilegea na kukaza. Baadaye Kapteni aliuliza bila kugeuka:

"Umenisamehe?"

"Hapana. Uliza tena kesho."

Usiku walilala kwenye hema mchangani, kila mtu na blanketi lake. Asubuhi walirudi mjini bila samaki.

Jirani yao, mwanamume mcheshi aliyesimulia habari za Kapteni kuliko Kapteni mwenyewe, alikuwa kibarazani na sahani tayari mkononi.

"Kapteni! Leo umetuletea yupi, yule aliyekuangusha?"

Mke alishika nyuma ya kayaki, akamtazama mumewe mgongoni.

"Sina samaki, jirani," Kapteni alisema. "Sijavua tangu mvua kubwa. Wote mliokula nilinunua. Nilikaribia kufa mle mtoni, na tangu hapo naogopa maji."

Jirani alimgeukia mke, akisubiri aambiwe ni utani. Mke aliendelea kumtazama mumewe. Jirani aliitazama sahani yake, akaiweka chini ya kwapa.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema hatimaye. "Na walikuwa watamu."

Walibeba kayaki hadi mlangoni. Kapteni alitafuta ufunguo mfukoni.

"Leo hujaniuliza," mke alisema.

Aligeuka.

"Umenisamehe?"

"Ndiyo."