Skafu Iliyomziba Spasoje

Kila akitoka shule, Dunja alipitia zahanati ya mji wao kando ya mto Danubi, akaketi nyuma ya mama yake mapokezini na kufanya hesabu. Nyuma yao, kwenye kabati la ukutani, iliwekwa seva, kompyuta inayotunza taarifa za wagonjwa wote. Kabati lilikuwa na tundu la hewa la kutokea nje, na upepo mkali wa huko uitwao košava ulilipigisha mluzi mwembamba. Tangu mzee Spasoje, mtunza mafaili, afariki, watu walisema ni yeye anapumua.

Wiki moja mluzi ulinyamaza, na taabu ikaanza. Kila alasiri kompyuta ya mama ilikwama katikati ya jina la mgonjwa na kuandika: mawasiliano na seva yamekatika. Shangazi Ruža, mfagiaji, akaweka kikombe cha kahawa mbele ya kabati, kama watu wa huko wanavyowawekea marehemu.

"Mmemziba pumzi Spasoje," alisema. "Sasa naye anawaziba nyie."

Usiku Dunja alimwota mzee akitapatapa kutafuta hewa.

Kisha mtoto mmoja aliponea chupuchupu kudungwa dawa inayomdhuru, kwa sababu taarifa zake hazikufunguka. Mkuu wa zahanati alidai mama anachezea nyaya. Likitokea tena, atafute kazi kwingine.

Fundi wa kompyuta, Ranko, aliitwa. Alibadilisha waya, hali ikawa ile ile. Akasema seva ni nzima na kompyuta ya mama ni nzima, kinachokufa kiko katikati. Alipofungua kabati, kisanduku kinachounganisha nyaya kilikuwa cha moto kama pasi.

"Kinapikwa humu. Kikizidiwa kinakata, kikipoa kinarudi. Hewa imekwama wapi?"

Dunja angeweza kunyamaza. Akaitazama shingo ya mama.

"Mjomba Ranko, nilisokomeza skafu yangu kwenye tundu. Upepo ulikuwa unampiga mama shingoni. Niliogopa ataugua."

"Hata mimi ningeziba," alisema Ruža. "Upepo wa kupita unaua."

"Unaua kwenye maneno yenu tu," alijibu Ranko, akivuta skafu.

Alasiri hiyo kompyuta haikukwama. Mama alimwambia mkuu ukweli wote, akahamisha kiti, kisha akamwita binti yake.

"Kunijali si kosa, mwanangu. Kosa ni kukaa kimya mtoto wa watu akikaribia kufa, na marehemu akisingiziwa. Ukigusa kitu, sema siku hiyo hiyo."

Mluzi ulikuwa umerudi. Wote walijua ni upepo. Ila kikombe cha Ruža hakuna aliyekiondoa.