Hema Lisilo na Tundu

Haya yalimkuta jamaa yetu mmoja, fundi seremala, mtu wa kushuku hata kivuli chake. Alitaka hema la kwenda nalo porini kuwinda na shemeji yake. La kwanza aliuziwa bovu, mvua ikawaloesha chapachapa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Alipokwenda kununua la pili, muuzaji akamsimamishia hema stoo, chumba kisicho na dirisha.

“Mimi naingia ndani nafunga zipu,” fundi akasema. “Wewe zima taa, uzunguke na tochi. Penye tundu nitaona.”

“Hakuna shida, kaka.”

Taa ikazimwa. Mlango ukalia, kukawa kimya na giza totoro. Kisha mwanga ukaanza kutembea juu ya turubai, polepole. Nyayo hakuzisikia. Moyoni akasema, huyu ananyata ili anifiche kasoro.

“Umeruka kona ya nyuma!” akafoka. “Rudi hapo!”

Mwanga ukarudi.

“Shusha chini.”

Ukashuka. Tundu halikuonekana hata moja, na fundi akaanza kulipenda lile hema.

Ndipo mlango wa stoo ulipolia tena, na nyayo zikaingia mbiombio.

“Niwie radhi kaka, nimekuweka,” muuzaji akasema huku akihema. “Tochi ilikuwa haina betri. Haya, nianzie upande gani?”

Mwanga uliokuwa kwenye kona ulianza kupanda taratibu, safari hii bila kuambiwa, ukaja kusimama sawasawa na uso wa fundi.