Kilichokula Betri ya Dekow

Jua lilikuwa linazama Dekow alipokwenda kumwita fundi Keynan. Pikapu yake, iliyolala uani kwake mtaani Iftin, ilikuwa imegoma tena alfajiri ile, na maziwa ya ngamia aliyopaswa kuyafuata Bura yalikuwa yameharibikia huko. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Jioni anaizima ikiwa nzima kabisa. Alfajiri anazungusha ufunguo...

Tik.

Basi. Betri imekufa.

Majirani walisema ni jini. Sheikh akaja, akasoma, akaondoka. Betri ikafa vilevile.

Keynan hakuwa mtu wa kuhangaika na majini. Alifungua boneti, akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaunganisha hapo kati taa yake ndogo ya kupimia. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Dekow. Ile taa haikupaswa kuwaka.

Iliwaka.

"Kuna kitu kinakula moto wa betri, walaal, ndugu yangu," Keynan alisema. "Angalia taa. Niambie ikizima."

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine. Taa ikaendelea kuwaka. Akachomoa nyingine. Ikazima.

"Imezima," Dekow alisema.

"Hii ni fyuzi ya taa ya ndani. Huwa unaisahau?"

Dekow alitikisa kichwa. "Sijaigusa tangu mafuriko."

Keynan aliinamisha kichwa. Habari ile aliijua. Iftin nzima iliijua.

Mwisho wa mwaka uliopita, mvua zilipokataa kukatika, Dekow alikwenda Bura kumchukua binti yake Idman, aliyekuwa kwa bibi yake na homa kali. Alitaka kumfikisha hospitali ya Garissa. Njiani pikapu ikazama kwenye tope hadi milangoni. Maji kila upande. Idman alikuwa mtoto wa kuogopa giza, basi baba yake akamwashia taa ya ndani, akamlaza mapajani. Taa ikawaka nyeupe, ikawa ya manjano, ikawa nyekundu kama kaa linalokufa.

"Aabo, giza," mtoto alimnong'oneza baba yake ilipozimika.

Hakusema tena neno.

Sasa Keynan aliingia ndani ya gari akaichungulia ile taa. Kweli, ilikuwa inawaka, hafifu mno. Swichi yake ilikuwa imesogea.

"Tope limeingia humu, swichi imelegea. Inajiwasha yenyewe." Kisha akakunja uso. "Lakini balbu ndogo hivi haimalizi betri kwa usiku mmoja. Labda betri yenyewe imezeeka."

Hata hivyo alitoa balbu, akakata waya, akauzungushia utepe mweusi. Akarudisha waya wa betri.

"Kesho itawaka, inshallah."

Adhana ya Magharibi ikaanza. Keynan akashika njia ya msikitini. Dekow akabaki nyuma kufunga boneti na milango.

Hapo ndipo harufu ilipomjia. Tope bichi. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi, na ua mzima ulikuwa vumbi tupu, lakini tope lilinuka kana kwamba amesimama ndani yake.

Kisha... tk. Tk. Tk.

Kidole juu ya kioo.

Kutoka ndani.

"Aabo..."

Ndani ya gari palikuwa peusi, hakuona kitu.

"Aabo, giza."

Aliinua mkono kushika kitasa cha mlango. Akaurudisha. Angeufungua, angeona nini? Mwili wa Idman ulioshwa yeye akiwepo. Alimteremsha kaburini kwa mikono hii hii.

Kitasa kikajisogeza chenyewe. Mlango ukafunguka polepole. Pikapu ikainuka kidogo kwenye springi zake, kama inavyoinuka mtu mwepesi anaposhuka.

Hakuna mtu.

Mchangani kulikuwa na nyayo. Ndogo, zenye maji. Hazikwenda nyumbani. Zilielekea langoni.

"Umefanya nini, Dekow?"

Mkewe, Weris, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, shela imemwanguka mabegani.

"Nimetengeneza gari."

"Ile taa nilikuwa naiona," Weris alisema kwa sauti ya chini. "Kila usiku, kupitia dirishani. Naona kichwa chake kimeegemea kioo. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ukiambiwa utaita fundi."

Dekow alizungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja, kwa nguvu ambayo hakuwa ameisikia tangu mafuriko. Wakafuata nyayo hadi zilipokauka barabarani. Kando ya njia walimkuta mzee akirudisha mbuzi wake.

"Amepita mtoto wa kike," mzee alisema bila kuulizwa. "Ameloa chapachapa. Ananiuliza nyumba gani ina taa."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwonyesha mji."

Kabla giza halijakaza walirudi uani. Dekow aliunga waya kwa meno na vidole, akarudisha balbu, akaiacha inawaka. Weris alifungua mlango wa pikapu, akatandika shuka kwenye kiti. Hawakulala.

Alfajiri Dekow alizungusha ufunguo akiomba isiwake. Akiomba tik, ishara kwamba mtoto amerudi kwenye taa yake.

Iliwaka.

Weris, aliyekuwa ameketi kizingitini, aliisikia injini ile akafunika uso wake.

Siku zile zile wanawake wa Iftin wakaanza kulalamika sokoni. Mama mmoja aitwaye Nimo alisema anajaza mafuta ya taa jioni, alfajiri taa ni kavu, na sakafu ina tope. Weris akamwomba ruhusa ya kulala nyumbani kwake, amngoje mtoto. Usiku ule mafuta hayakupungua hata tone. Lakini nyumba ya tatu kutoka hapo, yalikwisha yote.

Akahamia nyumba hiyo. Yakaisha kwingine, mbali zaidi, upande wa mtoni.

Ndiyo sababu hadi leo, ikifika Magharibi, Weris hukunja mkeka wake akapanda pikapu, na Dekow humpeleka nyumba yoyote ambayo taa yake ilizimika jana. Wote wawili wanajua kwamba mtoto ameshaondoka hapo, lakini hawajui nyumba nyingine ya kwenda kumngoja.