Chiriku na Hadithi ya Mwenyewe

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Chiriku alijifungia katika chumba cha kushonea cha mama yake, akajibanza kati ya marobota ya vitambaa na kusoma kitabu kwa sauti. Vitambaa vilizuia kelele za barabarani. Jina la Chiriku alipewa na mama, fundi cherehani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Alianza kujirekodi kwa ajili ya rafiki yake wa darasani aliyefanyiwa upasuaji wa macho, ambaye sasa alilala nyumbani amefungwa bendeji. Chiriku aliazima maktabani kitabu kipya kuhusu msichana anayetengeneza redio, akawa anamtumia sura moja moja kwa simu ya mama. Rafiki alifurahi mno.

Angeishia hapo, yasingemkuta. Lakini aliziweka sura zile mtandaoni, kila mtu azisikie. Kitabu cha maktaba si cha wote? Basi aliona na hadithi ni ya wote. Sifa zikamiminika, kichwa kikamvimba.

Ilipobaki sura ya mwisho, alikuta ujumbe: "Mimi ndiye niliyeandika kitabu hiki. Nani amekuruhusu kukisoma chote hadharani? Nipigie." Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Chiriku akaufuta ujumbe upesi, utadhani amemfuta na mwandishi. Kesho yake ukaja mwingine, wenye namba ile ile: "Bado nasubiri."

Tangu hapo simu ikilia, Chiriku anaruka.

"Mama, nikuletee simu?"

"Tangu lini umekuwa katibu wangu? Huyo ni mteja, anaulizia gauni lake."

Chiriku aliwaza mama akinyang'anywa simu kwa kosa lake, wateja wakamkosa. Alimwogopa hata mlinzi wa maktaba. Na hapo hapo rafiki yake akapiga.

"Chiriku, sura ya mwisho iko wapi? Kesho wananifungua bendeji. Ninaogopa nisije nikakuta sioni. Nataka niisikie kwanza."

Chiriku aliiweka simu chini. Alikwenda kusimama mbele ya cherehani, machozi yakimtiririka, akasema yote, hata habari ya kuufuta ujumbe.

Mama aliondoa mguu kwenye pedeli. "Kumbe ndiyo maana umenyamaza siku hizi! Nilidhani unaumwa. Vaa viatu, twende kwa mkutubi."

Mkutubi aliwasikiliza mpaka mwisho. "Binti yangu, maktaba ilinunua nakala ya kitabu. Hadithi yenyewe haikuinunua. Ungesoma kipande kifupi ili kuwaeleza watu kitabu kinahusu nini, pengine pasingekuwa na tatizo. Wewe umekigawa karibu chote. Sasa piga ile namba."

Chiriku akapiga. Mwandishi alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mama mtu mzima aliyechoka.

"Shikamoo. Mimi ndiye niliyesoma kitabu chako. Nilianza kumsomea rafiki yangu anayeumwa macho, kisha nikakiweka mtandaoni bila kuomba ruhusa, na ujumbe wako nikaufuta. Naomba unisamehe."

Mwandishi akasema, "Marahaba. Unasoma vizuri, mwanangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Kuna shule ilitaka kununua vitabu vyangu. Sasa wamesema hawavihitaji tena, watoto wamekwisha kusikiliza. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Hakuwa amewaza hata mara moja kwamba nyuma ya kitabu kuna mtu anayekula kwa jasho lake.

"Ondoa zote mtandaoni," mwandishi aliendelea. "Lakini huyo mgonjwa msomee. Mtu kumsomea rafiki yake, mimi sina neno."

Chiriku alizifuta rekodi palepale, moja baada ya nyingine, na sifa zote zikaenda nazo. Ilimuuma. Akaandika kwamba hadithi imeondolewa kwa kuwa aliisoma bila ruhusa, na anayeipenda akanunue kitabu.

Njiani mama alimshika bega. "Nia yako ilikuwa njema, lakini nia njema si ruhusa. Kitu kikiwa jasho la mtu, muulize kwanza. Na ukikosea, usijifiche. Umeona ulivyojitesa?"

"Nimeona, mama."

Walikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa woga. Chiriku aliushika, akamsomea kwanza jina la mwandishi, kisha sura ya mwisho.