Mto Chini ya Goti

Verdiane anaishi ughaibuni, mtaa wa Lidcombe, ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti. Kazi yake ni kutunza wazee. Kila asubuhi anawainua vitandani na kuwatembeza. Wakigoma, anawabembeleza mpaka wainuke.

Nyumbani kwake ni mambo mengine kabisa. Mumewe, Anicet, amepasuliwa na kuwekewa goti la bandia. Tangu arudi kutoka hospitali, Verdiane amemlaza kitandani na kumwekea mto mnene chini ya goti. Anamlisha kwa kijiko, mwanaume mwenye mikono miwili mizima!

"Niache niende hata jikoni," Anicet anasema.

"Thubutu! Watu wa kanisa wakukute jikoni? Watasema nimemtupa mgonjwa."

Na watu wa kanisa wanakuja kweli. Wanajaa chumbani na masufuria ya chakula, wanasema pole, wanamsifu Verdiane. Goti linazidi kukaza, na hakuna hata mmoja anayeliulizia. Inaudhi.

Siku moja akaja Chibalonza, mama wa Kikongo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali. Alijaribu kulikunja lile goti. Anicet akapiga kelele.

"Nani ameweka huu mto?" Chibalonza akauliza.

"Mimi, mke wake."

"Mama, utoe! Goti likizoea mto, halitanyooka. Lisipokunjwa, halitakunjika. Unataka asishuke tena ngazi zile?"

"Usinifokee nyumbani kwangu! Lazima apone kwanza."

"Hospitali hawakuwaambia habari ya rehab?"

"Walisema. Binti yangu Belyse alitafsiri. Akasema ni mambo ya kupona. Kwetu anayepona analala."

"I'm not a doctor, Mum!" Belyse akajibu kwa hasira kutoka sebuleni.

"Na mtoto asibebeshwe kazi hiyo," Chibalonza akasema. "Ombeni mkalimani hospitali, ni bure. Sasa nisikilizeni. Rehab ni kazi ya mgonjwa mwenyewe, ya kurudisha nguvu za mwili wake. Daktari amemaliza sehemu yake. Iliyobaki ni ya Baba. Anyooshe goti, alikunje, atembee na magongo, kidogo kidogo, kila siku. Likiuma sana, apumzike, ameze dawa alizoandikiwa, halafu aendelee. Akilala tu, goti linakauka, na damu inaweza kuganda mguuni. Wewe Mama, naona umevaa sare ya watunza wazee; kazini unawafanyia nini?"

Verdiane akautazama mto.

"Anawatembeza!" Anicet akafoka. "Wazungu unawatembeza, mimi mumeo unanilaza kama gunia!"

Verdiane akauchomoa ule mto, akautupa ukutani. Alikuwa analia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Haya, inuka," akasema.

Wiki zikapita. Watu wa kanisa wakaja tena, wakakuta kitanda kitupu.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza Ange, mama wa kwaya, akijiegemeza kwenye kiti cha sebuleni.

"Nimemtuma maziwa."

"Umemtuma mgonjwa dukani? Mama Belyse, huna huruma!"

"Sina! Huruma yetu sisi wote nusura imfanye kilema."

Nyayo zikasikika kwenye ngazi, polepole. Mlango ukafunguka. Anicet aliingia na fimbo mkono mmoja, maziwa mkono wa pili, jasho linamtiririka. Akamkazia Ange macho.

"Hicho ni kiti changu," akasema.

Ange akainuka upesi. Anicet akaketi, na goti likakunjika.